Siku Mtani Alipovuliwa Kofia

Nakumbuka siku ya pili ya msiba wa baba yangu, mwanangu, kana kwamba jamvi bado limetandikwa hapa nje. Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, nyuma kidogo ya soko, ya vyumba sita na ua wa kupikia. Usihangaike kuitafuta, leo pale pana ghorofa na fremu za simu. Baba alikuwa Myao wa Tunduru, muuza vyungu na vinu. Alituacha watatu: kaka yangu Saidi, kaka yangu Musa, na mimi kitinda mimba, msichana bado.

Kaka zangu walikuwa hawasemezani. Saidi alitaka nyumba iuzwe, Musa alitaka ibaki, na ugomvi huo waliuanza baba angali anapumua. Sitaki kuwasitiri.

Sasa, baba alikuwa na mtani wake, Mzee Komba, Mngoni wa Songea, Mkristo na rozari yake shingoni. Ninyi wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekana kwenye simu. Babu zetu na babu zao walipigana na kutekana mpaka wakachoka, wakaachiana utani ili damu isimwagike tena. Mtani ndiye anayechimba kaburi lako. Ndiye pia anayeweza kusimama katikati ya msiba akasema la kweli, nanyi hamna ruhusa ya kukasirika. Ndugu akilisema ni ugomvi, jirani akilisema ni umbeya.

Komba alichimba kaburi la baba kwa mikono yake. Kesho yake akaja amevaa kanzu ya baba, kofia imelalia sikio kama baba alivyopenda, anaburuta mguu vilevile. Akapita kati ya watu akigonga masufuria ya wapishi, kama baba alivyokuwa akigonga vyungu kumwonyesha mteja kwamba havina ufa.

"Hutaki, nenda Posta ukanunue cha bati," akamwambia jirani mmoja, kwa sauti ya baba kabisa. Kisha akatugeukia sisi wafiwa. "Huyu mateka wangu kafa bila kuniaga. Nani kampa ruhusa?"

Watu walicheka. Mama alikuwa ndani kakaa eda, nikamsikia naye anacheka na kulia. Musa alicheka. Saidi aliinamisha uso kuficha tabasamu, halafu akauinua, na wale ndugu wawili wakatazamana. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, ndiyo maana linaniuma mpaka leo.

Mara Saidi akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa dini. Alikuwa ameanza darsa siku za karibuni, na debe tupu haliachi kuvuma. Akainuka, akamvua mzee kofia mbele za watu.

"Haya mambo ya kishenzi. Huu ni msiba wa Waislamu. Toka."

"Mwache mzee wa watu, Saidi," akasema imamu wetu, aliyekuwa amecheka kama sisi sote. Saidi hakumsikia.

Komba alivua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jamvi, akaondoka na fulana yake ya ndani. Jioni ile Musa naye akaondoka.

Arobaini ilipokaribia nikamfuata Komba kwake Buguruni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Tangu nazaliwa mzee yule alikuwa akiniita mateka, hajawahi hata siku moja kuniita mwanangu. Nikamwomba aje awapatanishe kaka zangu.

"Baba yako alinipa kazi hiyo," akasema. "Nilikuwa niwakalishe sahani moja, niwashike mikono mle mle ndani ya wali mpaka wasalimiane. Wakiwa wanacheka wangekubali. Lakini kaka yako kanivua utani. Sasa nikija, nakuja kama nani? Mzee wa Kingoni tu, na mzee wa Kingoni hana haki ya kuwagombeza watoto wa Kiyao nyumbani kwao."

"Na Saidi akija kukuomba radhi?"

"Namngoja. Mbona umekuja wewe?"

Nilirudi nikamwambia Saidi. Akasema yeye hawezi kumwangukia Mngoni.

Nyumba ikauzwa. Musa akaenda Tunduru, hakurudi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimezeekea kwenye jembe.

Mwezi uliopita Saidi alikufa. Msiba ulikuwa na turubai zuri na spika kubwa, watu wamekaa wanatazama simu zao. Musa hakuja. Alikuja mjukuu wa Komba, shati safi, akanipa mkono kwa adabu.

"Pole sana, bibi."

Niliingia ndani nikalia kwa neno hilo kuliko nilivyomlilia kaka yangu. Mtani hatoi pole, mwanangu. Pole hutoa mgeni.

Basi sikiliza. Dini ishike, mimi mwenyewe sijaacha swala. Lakini kabla hujaliita jambo la wazee wako ushenzi, uliza kwanza linafanya kazi gani ndani ya nyumba. Komba alituita mateka kwa utani, Saidi ndiye aliyetufanya hivyo kweli, maana mwacha mila ni mtumwa. Na ukimvua mtu kofia, mrudishie kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume dada yako.

Mungu akupe ndugu wa kula nao sahani moja, akupe na mtani wa kukusema. Siku yangu ikifika, akitokea yeyote wa ukoo wa Komba kavaa kanga zangu na kuiga ninavyogomba, mfungulieni mlango, mcheke mpaka mlie. Akija na pole tu, mjue bado hatujasamehewa.