Trekta Nililolirudisha Nyuma

Ndugu yangu hakuwa akikimbiza gari. Kwa miaka minne nimesema alikuwa akikimbiza, mbele ya baba, mbele ya shangazi, hata mbele ya kasisi aliyekuja kutupa pole. Mshale wa spidi ulikuwa kwenye arobaini. Ninajua, kwa sababu nilikuwa nimeketi kando yake nikiutazama.

Tulikuwa tunapeleka trekta dogo la mtumba kutoka Komarock hadi shamba la baba, kupita Tala. Baba, mstaafu wa reli, alilinunua ili mdogo wangu huyo, ambaye kibarua chake cha kiwandani kilikuwa kimekatika, awe analimia watu mashamba yao. Pikapu ilikuwa yangu. Trela tuliliazima kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipakia trekta: pua mbele, uzito ukae kidogo mbele ya magurudumu ya trela, minyororo pembe zote nne.

Pikapu ikalala nyuma, taa zikaelekea mbinguni. Majirani walikuwa wanatoka kanisani.

"Mama, gari yako inataga!" mmoja akapaza sauti. Wenzake wakaangua kicheko.

Nilifedheheka. Nikaamuru minyororo ilegezwe na trekta lirudishwe nyuma mpaka pikapu isimame sawasawa.

"Madam, ukirudisha hiyo nyuma, trela itawatingisha kama mkia ya mbuzi," fundi akasema.

"Sista, msikize," ndugu yangu akaongeza. "Hii ndiyo kazi yake."

"Na gari ni la nani? Mambo ya nyenzo na mizani nimeyasoma."

Nilikuwa nimeyasoma kidato cha pili. Shahada yangu ni ya fasihi. Fundi akainua mabega, trekta likarudi hatua mbili, pikapu ikanyooka, nami nikapanda nimeridhika kama mhandisi.

Kwenye mteremko wa kwanza wa maana trela likaanza kuyumba, kidogo tu, kisha likawa linatuburuta kushoto na kulia.

"Piga breki!" nilipiga kelele.

Hakupiga. Aliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, akashika usukani bila kuupigania, kama fundi alivyomwagiza. Pengine angefaulu kama barabara ingekuwa tambarare. Tuliishia mtaroni, trekta limelala ubavu, ekseli yake ya mbele imepinda. Sisi hatukupata hata mchubuko, na hilo lilinipa nafasi ya kutunga uongo mapema.

Baba alipouliza, nilijibu kabla ndugu yangu hajafungua kinywa. Alipoeleza ukweli, baba alimkatiza: "Mwenye digrii adanganye kwa nini?" Trekta lilitengenezwa, likakabidhiwa dereva wa kuajiriwa. Ndugu yangu akaenda kubeba marobota ya mitumba sokoni Gikomba. Hakunitukana hata siku moja. Kila Krismasi alinialika kwake, akanipa kiti kizuri, nami nikaketi, nikala.

Mwezi uliopita nikasikia kwamba yule dereva ameacha kazi, na kwamba ndugu yangu amemwomba baba amjaribu tena. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi, aya tatu nzuri, nikampigia baba. Sikusoma hata aya moja.

"Baba, hakukimbiza gari. Mimi ndiye niliyerudisha trekta nyuma kwenye trela."

Mzee huyu alipakia mabehewa nusu ya maisha yake.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Hatua mbili."

"Alikukataza?"

"Alinikataza. Na fundi pia."

Nilisikia redio yake ikisoma habari, halafu ikazimwa.

"Trekta nimeliuza Jumamosi," akasema. "Alipokuja kuniomba nilimwambia siwezi kumpa mtu wa mbio. Akaondoka bila hata kunywa chai. Nikaona afadhali niliuze, asinisumbue tena."

"Nisamehe, baba."

"Unaniomba mimi?" akauliza, akakata simu.