Walioota Jua Moja

Fundi wa fremu wa Bwaise ana gundi iliyokauka vidoleni, na kila msumari huupuliza kabla ya kuupiga, kama mtu apozaye uji. Picha za wakubwa wa kale hazipangi kwa nchi. Walioishi zama moja huwatundika ukuta mmoja: Muteesa wa Buganda, Barghash wa Unguja, Viktoria wa Uingereza.

“Hawa waliota jua moja, ssebo, bwana wangu,” huwaambia wateja.

Mzee Oyet alipomletea picha ya marehemu mkewe, Laker, fundi aliipokea kwa viganja, gundi isimguse mama.

“Mama aliishi wakati wa nani, mzee?”

“Wakati wangu. Tangu tukikaa Naguru, nyumba za polisi.”

Fundi hakucheka. Akaiweka kando fremu aliyokwisha kuipima, akachukua iliyo pana, akaacha ubavuni mwa Laker nafasi ya mtu mmoja.