Sikio la Fundi

Jirani yangu, fundi wa nguo hapa Kasongo, ana masikio mawili, ila moja si letu tena. Limezibwa na waya wa simu, na ndani ya waya huo kuna profesa wa mbali ambaye kutwa nzima anasema Kifaransa juu ya chakula, udongo, na ardhi tutakayowaachia wajukuu. Masomo ni ya bure kwenye internet. Fundi huyapakua alfajiri, réseau, yaani mtandao, ikiwa nzuri, kisha hushona huku anasikiliza, pini tatu zimebanwa midomoni. Akizitoa, ujue unafundishwa. Wiki jana alinieleza ubaya wa kutupa chakula, akaeleza weee, mpaka bukari yake, ule ugali wetu, ikakauka sahanini, akawamwagia kuku.

Jana alikuja Mama Mwamvita, ambaye shamba lake limepakana na la fundi. Alikuwa anahema, jembe begani. Alisalimia kwanza, maana kwetu hata habari ya moto hutanguliwa na salamu: habari ya nyumba, habari ya watoto. Kisha akasema, "Papa, mbuzi ziko mu shamba yako. Ziko zinamaliza muhogo."

Fundi aliinua mkono taratibu, kama anayebariki. Akatoa pini, moja moja.

"Ngoja kwanza, mama," akasema kwa adabu. "Profesa iko anaeleza sasa vile watu hawasikilize walimaji."

Mama Mwamvita akashusha jembe, akangoja. Mbuzi hawakungoja.