Nani Hajarudi Zizini

Nyirangabo hakuwahi kuhesabu kitu chenye uhai, na asingeanza uzeeni kama dunia ingemwacha apumue. Kwao, milimani juu ya Fizi, mtu aliyewanyooshea ng'ombe kidole na kusema moja, mbili, tatu, alionekana ama mchawi ama mpumbavu. Ng'ombe alijulikana kwa jina na rangi. Jioni mwenye zizi alisimama langoni akitazama tu, na kabla wa mwisho hajaingia alikuwa ameshajua kwamba Bihogo hajarudi. Watoto vilevile. Mwanamke ukimwuliza ana watoto wangapi, alikujibu, "Wapo, Mungu amenipa," na ukiuliza tena ujue umejitafutia maneno.

Sasa yuko ng'ambo, mji wa Buffalo, ghorofa ya pili, nyumba yenye ngazi zinazolia. Analea mjukuu wake Uwase, mtoto wa miaka minne, wakati Rakeli, binti yake, anakwenda Kenmore kumtunza mzee mmoja Mzungu. Rakeli humwogesha yule mzee, humlisha, kisha hucheza naye karata ili akili isimtoroke. Kwa mzee wa watu mchezo ni dawa, tena una mshahara. Kwa bibi na mjukuu wake mchezo ni uvivu. Ndivyo dunia ilivyopangwa, na aliyeipanga hakumwuliza Nyirangabo.

Mchezo wao ulikuwa wa ng'ombe. Uwase alizaliwa Louisville, mjini ambako baba yake alibaki na mambo yake. Walipohamia Columbus, katika nyumba ya bei nafuu mtaa wa Linden, mtoto alikuwa wa miaka miwili, mchangamfu na mkaidi. Nyirangabo alinunua dukani mfuko wa maharagwe mchanganyiko, yale ya supu, akachagua punje moja ya kila sura. Nyekundu iliyoiva akaiita Bihogo. Ya kahawia akaiita Gaju. Yenye madoa ikawa Bugondo, na nyingine nyingi, kila moja na jina lake, ukoo wake na tabia zake. Zulia la kijani likawa malisho, kifuniko cha sufuria kikawa zizi.

Uwase alifumba macho. Bibi alificha punje moja kiganjani, kisha akauliza, "Nani hajarudi?"

Mtoto, aliyemwita bibi yake Koko, alitazama kidogo tu. "Gaju! Koko, Gaju iko wapi?"

Hapo walianza kumtafuta, chini ya kochi, ndani ya viatu, nyuma ya friji, huku wakimwita. Sheria ilikuwa moja: mchezo hauishi mpaka aliyepotea aonekane. Akipatikana, Uwase alimgombeza kwanza, halafu alimbusu. Mama mmoja wa maktaba pale Columbus aliwahi kuwapa dubu wa plastiki wa kuhesabia, wazuri, lakini wote sura moja. Uwase aliwatazama akauliza nani ni nani, na kwa kuwa bibi hakujua, dubu wakarudi mfukoni.

Sheria ile ya kumtafuta aliyepotea haikutoka hewani. Miaka ya vita, Nyirangabo alipanda lori la wakimbizi na watoto wake, Rakeli wa miaka tisa na Gatera wa miaka minne. Njiani lori likasimama, watu wakashuka kujisaidia porini, na milio ya bunduki ikaanza upande wa bonde. Watu walirudi mbio, wakarushwa ndani kama magunia. Kiongozi wa msafara alihesabu vichwa kwa kidole: thelathini na wawili. Walipotoka walikuwa thelathini na wawili. "Hesabu imetimia, twende!" Nyirangabo alikuwa amebanwa nyuma, haoni mbele, akaiamini ile hesabu. Lori lilipofika mbali ndipo alipoona kuwa mtoto aliyeketi karibu na Rakeli hakuwa Gatera. Alikuwa mtoto wa watu, aliyeokotwa porini na kurushwa ndani pamoja na wengine. Hesabu ilikuwa kweli imetimia. Lori halikurudi, na Gatera hajaonekana mpaka leo.

Kwa hiyo msimwambie Nyirangabo habari za namba.

Walipofika Buffalo, kufuata ndugu waliosema huko kazi zipo, Uwase alitimiza miaka ya kuingia darasa la watoto wadogo. Mwezi wa tano aliitwa kupimwa. Rakeli alikuwa kazini, akaenda bibi, na kitambaa chake kizuri cha kichwani. Mwalimu aliweka mezani vipande kumi vya mbao, vyote vyekundu. Katika simu alikuwepo mkalimani, mtu aitwaye Mushagalusa, aliyesikika akila.

"Anauliza ni vingapi," ilisema simu.

Uwase alivitazama kimoja kimoja. Mwalimu akasubiri, akaandika. Akafunika vipande kwa karatasi, akaondoa kimoja, akafunua. Sasa vingapi?

Uso wa mtoto ulichanua. "Ile yenye kukatika kidogo kwa kona! Haiko! Iko wapi?"

Naye akateremka kitini kuitafuta chini ya meza.

Simu ilitafuna, ikameza, ikamwambia mwalimu kwa Kiingereza kwamba mtoto anasema kipande kimoja hakipo. Mwalimu alitabasamu kwa huruma, akaandika tena. Nyirangabo alimtazama mjukuu wake akitambaa chini ya meza, na moyo ukamjaa fahari. Vipande kumi vya rangi moja, na mtoto amejua ni kipi! Alirudi nyumbani akiimba. Kwa akili yake, Uwase alikuwa amewashinda.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Rakeli aliisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini.

"Mama, hii mtoto unamufundishaka nini? Wameandika hajue kuhesabu. Hata kumi! Donc siku yote munacheza tu na maharagi?"

"Anajua kuchunga," alisema Nyirangabo.

"Kuchunga nini? Hapa kuko ng'ombe?" Rakeli alitupa barua mezani. "Bon. Watamupima tena mwezi wa munane. Akianguka, mimi namupeleka daycare, wamulee kule. Wewe utapumuzika."

Nyirangabo alilijua neno hilo, kupumzika. Maana yake ni kuketi dirishani tangu asubuhi hadi jioni katika nchi ambayo hakuna anayekuita, ukisubiri mlango ufunguliwe.

"Ile siku kwa lori walihesabu, Rakeli," alisema polepole. "Walihesabu muzuri kabisa."

Rakeli alivua koti, akalivaa tena, akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyekuwa ameambiwa amshike mdogo wake mkono. Hawakuwahi kulizungumza, na hata siku hiyo hawakulizungumza.

Pamoja na barua ilikuja karatasi ya michezo ya kumfundishia mtoto nyumbani: hesabuni ngazi, hesabuni vijiko, hesabuni watu mezani. Picha zilichorwa vizuri, mama anacheka, mtoto anacheka. Nyirangabo aliitazama kwa siku tatu. Siku ya nne aliwafunga ng'ombe ndani ya soksi, akamwaga mezani maharagwe meupe, yote sawasawa, yasiyo na jina hata moja.

"Leo tunacheza mchezo mwingine," alisema.

Majira yote ya joto walihesabu. Mwanzoni Uwase alilia akimtaka Bugondo. Baadaye akaacha kulia, kwani mtoto ni mtoto, na kila namba aliyopatia alipewa biskuti. Alihesabu ngazi, alihesabu vijiko. Jioni moja alihesabu watu mezani kwa kidole: "One, Koko. Two, Mama. Three, mimi." Kidole kilipomwelekea kifuani, Nyirangabo alisogea nyuma kidogo, lakini akasema, "Muzuri, mtoto wangu." Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake. Hakuna aliyemlazimisha ila hofu.

Mwezi wa nane Uwase alihesabu mpaka hamsini bila kukosea, na mwalimu akapiga makofi. Rakeli alileta keki. Alimkumbatia mama yake jikoni kwa nguvu, akasema, "Aksanti, Mama. Unaona uliweza?" Ilikuwa furaha ya kweli na Nyirangabo aliila keki yake.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, shule ilifungwa kwa siku moja. Rakeli alikuwa Kenmore. Nyirangabo aliitoa soksi chini ya mto wake, akawamwaga ng'ombe kwenye zulia la kijani. Uwase akapiga ukelele wa furaha kuwaona, na bibi akahisi miguu yake mwenyewe imekuwa myepesi.

"Fumba macho."

Uwase alifumba. Nyirangabo alimwondoa Gaju, akamweka kiganjani. Halafu, hata yeye hakujua kilichomtuma, alichukua haragwe moja jeupe kutoka jikoni akaliweka pale Gaju alipokuwa.

"Fumbua. Nani hajarudi?"

Mtoto hakuwatazama nyuso. Alinyoosha kidole, akaanza, midomo ikienda mbio kwa Kiingereza chake kizuri cha shule. Alifika mwisho, akainua kichwa akitabasamu, akisubiri biskuti.

"Twenty! Koko, ziko twenty. Zote ziko."

Ndipo Nyirangabo alipojua, kwa mara ya kwanza, kwamba walikuwa ishirini.

"Tazama tena, mama," alimwambia. "Tazama vizuri."

Uwase alihesabu tena, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake asiyeelewa. "Twenty, Koko. Hakuna yenye kupotea." Akanyanyuka, akaenda kutazama theluji.

Nyirangabo alibaki amepiga magoti kwenye zulia, mkono ameufumba.