Pete ya Dada Zuhura, kutoka Kilambo hadi Chuno

Bibi alikuwa na hereni moja ya dhahabu. Ya pili ilipotea zamani. Akaitoa iyeyushwe, iwe pete ambayo bwana harusi atamvisha dada Zuhura Jumamosi. Dada mwenyewe yuko ndani, bibi harusi hatoki. Nikatumwa mimi, mwenye haya kuliko wote nyumbani.

"Kaa mbele ya sonara," bibi alisema. "Usimwondolee macho mpaka pete ipoe."

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka kwa pikipiki ya mjomba. Uzi niliompimia dada kidole niliufunga kwenye pindo la mtandio. Manyunyu yalitulowesha, mjomba akaimba vibaya, nikacheka mgongoni kwake hadi mjini.

Saa tatu, mtaa wa Chuno. Mjomba aliniacha kwa sonara, mzee mwenye miwani. Nikakaa, nikamkodolea macho.

"Mjukuu wangu, unanichunga?"

"Bibi amesema."

"Basi bibi yako anawajua masonara. Chunga, lakini upumue."

Hereni ililegea motoni, ikajikusanya kama tone la asali. Akaimimina, akaigonga taratibu mpaka ikawa utepe mwembamba. Nilisahau hata kuona haya. Kisha akaulaza uzi wangu juu ya utepe, akashika mkasi.

Hapo nikakumbuka: nilipima shinani mwa kidole tu. Dada ana kifundo kinene, aliumia kwenye netiboli. Pete ingegoma mbele ya wageni wote. Nitamkatizaje fundi mzima?

"Babu, subiri kwanza," nikasema, nikamweleza.

Akaweka mkasi chini. "Kinene kama cha nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Kama hicho cha kidole chako cha mwisho."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Siku zote wateja wananichunga mikono, wewe umeikariri." Akaninyooshea kidole, nikakizungushia uzi upya.

Saa kumi jioni, nyumbani Kilambo. Chumbani, dada aliijaribu pete kidoleni. Ikakwama kwenye kifundo, roho yangu nayo ikakwama. Akaizungusha kidogo, ikapita.

Nilichojifunza ni kwamba haya si adabu, na nikijua jambo, niliseme kabla ya mkasi.

Dada aligoma kuivua. Bibi ikabidi amwambie, "Mwanangu, mwachie na bwana harusi kitu cha kukuvisha."