Gamba la Sabili ya Manah

Ile karatasi ya kusafisha sabili ya Manah ningeweza kuikataa. Nilikuwa na haki ya kuikataa, maana bila saini ya msimamizi kazi haikuanza, na msimamizi nilikuwa mimi. Nawaandikia vijana mnaoingia kazi hii ya kutunza majengo ya kale, mjue kosa lilipitia wapi.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Ibra. Nilikuwa nimekuja nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja na cheti cha sekondari, na Kiarabu changu kilikuwa cha msikitini tu. Mkaguzi wa majengo akanipa timazi, ule uzi wenye risasi nchani wa kujua kama ukuta umesimama wima. Akasema, "Kapime nyumba ile yote. Ukirudi kabla ya adhuhuri nitajua hukupima." Nilirudi alasiri. Akanipenda.

Kisha nikapelekwa Sur, ambako chumvi ya bahari ilikuwa ikila plasta za nyumba za wafanyabiashara. Halafu Nizwa, chini ya mudiri, yaani mkuu wa ofisi yetu. Huko nikapata bahati ya kufanya kazi na Mzee Seif, ndugu yake mama. Alikuwa mwashi, ujanani alijenga Pemba, kisha akarudi kwao Manah, jirani na Nizwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kulijua jiwe kwa mlio wake. Alijua pia kutengeneza saruji ya zamani ya huku, ambayo si simenti: ni udongo unaochomwa kwa magogo ya mitende, ukapondwa, ukachanganywa na chokaa. Hiyo aliniahidi kunifundisha "ukiacha haraka".

Sabili ni mahali pa kuteka maji ya kunywa, yaliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Ile ya Manah wataalamu walikadiria kuwa ni ya karne za mwanzo za Hijra. Ilikuwa tao dogo la mawe, birika la jiwe moja chini yake, na nyuma ya ukuta mfereji mwembamba ulioleta maji ya falaji, ule mfereji mkuu wa kale unaonywesha mji mzima. Hapo watu walikunywa kwanza. Maji yaliyobaki yakaenda kwenye udhu, kisha mitendeni. Maji ya huko yana chokaa, na kwa dahari yalikuwa yameipaka sabili nzima gamba jeupe, nene kama kiganja. Pembeni mwa tao, gamba lilipobanduka kidogo, zilionekana herufi za Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, zisizo na nukta.

Mudiri alitaka herufi zote zionekane. Nami nilizitaka, nikijiona tayari jina langu limo kitabuni.

"Shikamoo mjomba," nilimwamkia Mzee Seif aliponikuta sabilini.

"Marahaba. Tindo hiyo unampelekea nani?"

"Tunalitoa gamba. Chini yake kuna maandishi."

Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Hebu sikiliza. Saruji ya ndani ilishakwenda na maji zamani. Kinachoshika mawe haya ni hilo gamba."

"Tutaziba kwa simenti."

"Ati simenti! Huyu urojo wa Forodhani umempanda kichwani." Waashi wakacheka, nami nikacheka. Yeye akaacha kucheka. "Mwanangu, andika kuwa haifai. Mimi ni mwashi tu. Wewe watakusikiliza."

Nilikwenda kwa mudiri nikamweleza, kwa sauti ndogo. Akanitazama. "Bwana Salim, unaliogopa jiwe au unamwogopa mjomba wako?"

Nikatia saini.

Tulibandua gamba siku kumi na moja. Mjomba hakuja hata siku moja. Tulipata herufi tisa, nyingine zimekatika, na hakuna aliyeweza kuzisoma. Tukaziba viungo kwa simenti, wageni wakaja, wakapiga picha. Lakini maji yalikuwa yamepata njia ya kupenya ndani ya ukuta, na simenti ikayazuia yasitoke. Ukuta ukavimba. Mvua ya kwanza ya baridi tao likaanguka, likalipasua birika. Watu wa falaji wakaugeuza mfereji, wakaweka bomba.

Nilikwenda kwa mjomba kumwomba radhi. Alinijibu salamu, kwa kuwa dini inamlazimu. Akanimiminia kahawa. Nikasema yote niliyokuwa nayo. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka kwenda kusali, wala hakurudi barazani.

Mudiri alihamishwa, mimi nikapandishwa cheo. Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisi hunijia wakiniuliza udongo wa saruji unachomwa siku ngapi, na chokaa inaingia kiasi gani. Nawaambia sijui, na kweli sijui.

Ukuta unaweza kujengwa mwingine. Saini ile ilinigharimu mjomba wangu. Aliishi miaka saba baada yake, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwangu, na katika miaka hiyo sikupata kwake ila jibu la salamu.