Betri Chini ya Mama Mkwe

Aliyeunda gari langu hakuwa na mama mkwe. Ni gari dogo la pua butu, la kubebea watu na mizigo, na betri yake haikai mbele kama betri za watu wengine. Imewekwa chini ya kiti cha abiria, pembeni mwa dereva. Ukitaka kuifikia unakiinua kiti kama unavyofunua kifuniko cha sanduku, nacho hakiinuki mtu akiwa amekikalia.

Betri ile niliitunza. Kazi yangu iko Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, na chumvi haijui kwamba zamu imekwisha. Hunifuata hadi nyumbani, mtaa wa Barani, ndani ya soksi na ndani ya gari. Vichwa vya betri vilikuwa vikiota unga mweupe wenye rangi ya kijani pembezoni. Kila Jumapili baada ya ibada nilichomoa nyaya, nikavimwagia maji moto yenye magadi, nikavisugua kwa mswaki mkuukuu, nikavikausha na kuvipaka grisi. Kisha nilifungua vifuniko vya juu na kuongeza maji ya betri, yale ya dukani, maana maji ya mfereji wetu yana chumvi kunishinda mimi. Mke wangu alisema laiti ningemsugua yeye mgongo kwa bidii ile, angekuwa na ngozi ya malaika.

Alikwisha kununua betri mpya. Ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua. Sikutaka kuifunga. Ile ya zamani ilikuwa bado inahema, na mimi siziki kitu kinachohema.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe. Kwetu bara, nilikozaliwa, mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, hamgusi, wala hawakai bega kwa bega. Nilipooa huku pwani, kijiji cha Ganda, nikakuta wao nao ni vivyo hivyo, kwa hiyo hapakuwa na upande wa kulegeza. Tulisemeshana kupitia kwa mke wangu hata tukiwa chumba kimoja. Kisha mtoto wa jicho akaanza kumfunga mama macho, pole pole, hadi akawa anatambua mchana na usiku tu. Hapo mambo yakalegea yenyewe. Alisema mtu asiyeona hawezi kulaumiwa kwa kutazama, na kwa kuwa kiti cha nyuma humchafua tumbo, akahamia mbele, kando yangu.

Safari zile za kutoka Ganda nilizipenda kuliko nilivyoonyesha. Yeye aliongea na kioo cha mbele, mimi nikaujibu usukani. Alinisimulia mihogo, mikorosho, na jirani yake mmoja mwenye mbuzi mwizi. Mke wangu alikaa nyuma, mkalimani asiye na kazi.

Ilipotangazwa kwamba daktari wa macho amekuja hospitali ya mjini kwa siku chache, mama alikubali kupasuliwa, akakataa, akakubali. Mara ya kwanza alipanda gari, akashuka kuchukua ugoro wake, akasema safari iliyorudiwa nyuma imekwisha haribika, tukaiacha. Mara ya pili ilikuwa leso. Mara hii tulimleta alale kwetu Barani, na asubuhi akapanda mwenyewe akipapasa mlango. Daktari alikuwa akirudi Mombasa jioni ile, na hakuna aliyejua angekuja tena lini.

“Nimekaa,” mama alimwambia binti yake. “Nikishuka kabla ya hospitali, basi nashukia kwangu Ganda, na macho haya nitazikwa nayo.”

Nikawasha gari. Likasema tik. Nikajaribu tena, halikusema kitu.

Nilibaki nimeushika ufunguo. Gari ni la gia zinazojibadilisha zenyewe, halisukumwi likawaka. Kuazima moto wa betri ya jirani kwa nyaya kunataka uifikie betri. Betri ilikuwa chini ya mama mkwe. Kumwambia mama mkwe ainuke ili nitazame alipokalia ni neno ambalo hata kulifikiria niliona haya.

“Niite tuktuk?” nilimnong’oneza mke wangu tukiwa nyuma ya gari.

“Akishuka hapandi tena. Humjui mamangu wewe?”

“Basi tufanyeje?”

Mke wangu alilitazama gari. “Amesema yeye hashuki,” akasema. “Kiti hakikusema kitu.”

Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa, mpaka nikamwona anakwenda kuchukua spana. Kiti kimeshikwa na bolti nne sakafuni. Bolti ziko miguuni pa mama, kwa hiyo mimi sikuweza kupiga magoti pale. Nilisimama uani nikiwa nimeligeuzia gari mgongo, nikawa naelekeza.

“Zungusha kushoto.”

“Kushoto kwangu au kwako?”

“Kwako.”

“Nimezungusha, imekaza.”

“Basi ni kwangu.”

Tuliendelea hivyo, mume na mke waliopeana migongo, huku chumvi ya Marereni imezishika bolti kwa meno. Mama alisikiliza yote akiwa amepakata mkoba wake. Nyumbani kwa jirani kulikuwa na mazoezi ya kwaya, na bolti ya mwisho ilipolegea mke wangu akaenda kuazima waimbaji wanne wa sauti ya chini, wanaume wa miraba minne. Walikuja wamevaa sare. Mke wangu akamfungua mama mkanda wa gari, akamfunga kwenye kiti kwa leso mbili, wao wakakishika kiti pembe zote na kumtoa nacho.

Sasa wanakwaya hawawezi kubeba kitu kizito bila kuimba. Walianza kwa kuguna tu ili waende hatua moja, mwisho ikawa wimbo kamili wa ibada. Mzee aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka, akavua kofia, akainamisha kichwa. Mama mkwe alivuka ua wetu akiwa juu juu, mgongo wima, hadi kwenye kivuli cha mwarobaini, na hapo wakamtua.

“Mwambie mumeo,” alisema, “gari lake leo lina upepo mzuri.”

Nilifanya kazi haraka. Waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, nikaitoa ile ya zamani niliyoipaka grisi miaka yote, nikaitua chini bila hata kuiaga. Nikaingiza mpya, chombo cha maua kikiwa kimeachwa sebuleni na kitambaa bado kimening’inia kwenye mshikio wa betri. Chanya kwanza, hasi mwisho. Kabla ya kumrudisha mama niliwasha. Gari likaitika papo hapo, na mimi, mtu mzima, nikauwekea usukani paji la uso nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Wakambeba tena na ubeti wa mwisho. Bolti tatu zilirudi mahali pake, ya nne hatujaiona hadi leo. Nilikwenda hospitali mwendo wa gari la maiti. Alipofika alishuka kwa miguu yake, akasema, “Hapa ndipo,” akaingia na binti yake.

Jicho la kwanza lilifunguka, na baadaye la pili. Aliona mbuzi wa jirani, akawaona wajukuu, akawaambia kila mmoja amefanana na nani. Nilifurahi sana. Siku tulipokwenda Ganda kumchukua kwa arusi ya ndugu yake, nilikuwa nimekipangusa kiti cha mbele na kuitafuta ile bolti upya.

Alitoka amejitanda leso hadi usoni, akalizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma.

“Mama, tumbo lako?” mke wangu akamuuliza.

“Nimechukua ndimu,” alisema. “Sasa naona. Nitakaaje pale?”

Hakuwa na kosa, na mimi ndiye niliyehangaika apate kuona. Lakini niliendesha nikiwa na huzuni ambayo sikuitarajia, kando yangu kiti kitupu kinachocheza kwenye bolti zake tatu. Mama alinusa ndimu yake. Hakuna aliyeniambia habari za mihogo. Tulipokaribia mjini niliinua macho kwenye kioo kuangalia lori lililokuwa nyuma, nikaona leso imeshuka kidogo na macho mawili yananitazama. Nikayarudisha yangu barabarani haraka.

Kisha nikamsikia akisema na binti yake.

“Mwambie mumeo ana mvi,” alisema. “Safari zote zile, mbona hakunieleza?”